Mita 30 Kutoka Majini

Ndugu msomaji, kama umewahi kupanda basi la usiku kutoka River Road, Nairobi, basi umepita chini ya dirisha langu bila kujua. Sikulaumu. River Road mtu hatazami juu. Mkono uko mfukoni kuilinda simu na macho yanaulinda mkono. Lakini ungeinua kichwa ungeliona jengo la ghorofa mbili lenye roshani ya chuma iliyoshika kutu, na juu ya roshani, katika saruji, tarakimu nne: 1933. Hapo ndipo tunapokaa mimi na mama, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya vitambaa. Choo ni cha ploti nzima. Stima huja na kwenda kama mgeni asiye na haya.

"Mwandishi gani wewe, unakaa River Road?" huniuliza wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne, wale waliopata vyumba huko Umoja na Kasarani. Huwa nacheka tu. Mwandishi asipokaa River Road, akae wapi? Lakini hilo nitalifikia.

Kwanza mto. Nikiwa mtoto nilidhani River ni jina la mtu, mkubwa fulani aliyepewa barabara baada ya kufa, kama Tom Mboya au Luthuli. Mto wenyewe hauonekani ukiwa barabarani. Ni mpaka ushuke upande wa Kirinyaga Road, upenye kati ya maduka ya spea na mafundi waliolala chini ya magari, ndipo uunuse, kisha uusikie, halafu mwisho uuone. Huo ndio Mto Nairobi. Unaanzia Ondiri, kinamasi kilichoko Kikuyu, unapita katikati ya jiji ukipokea kila tunachoutupia, unaungana na Athi, na mwisho kabisa, ukiwa umebadilisha jina na kuitwa Sabaki, unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Nilipomweleza mama haya alishika mdomo. "Ina maana watu wa Malindi wanaoga maji ya Grogan?"

Grogan ndiyo hiyo hiyo Kirinyaga Road. Subiri, nayo ina kisa chake.

Wamaasai waliyaita maji haya Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika hapa mwishoni mwa Mei 1899, wakubwa wa reli hawakuwa wanatafuta mahali pa mji. Walitaka uwanja tambarare wa kuweka karakana na vifaa kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Uwanja waliupata. Udongo mweusi unaonata, kinamasi, matete, vyura. Mji ukaja wenyewe, kama watoto wanavyokuja mahali penye harusi bila kualikwa. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga soko la mabati na mbao, likaitwa Indian Bazaar. Mitaro hakuna. Maji machafu yanasimama mlangoni. Mwaka 1902 tauni ikaingia, na daktari wa serikali, Spurrier, akaamuru bazaa lote litiwe moto.

Likateketezwa.

Nimesoma kuhusu moto huo katika vitabu kadhaa pale maktaba, na takriban vyote vinaupa sentensi moja au mbili, kisha vinaendelea na mambo ya gavana. Mimi hunishinda kuendelea. Usiku ule watu walilala wapi? Mwenye duka la mchele aliruhusiwa kutoa magunia au alitazama tu? Je, yule mama aliyekuwa na mtoto wa juma moja? (Huyo mama nimemtunga mimi, lakini usiniambie hakuwepo. Katika soko zima hakosekani mama mwenye mtoto wa juma moja.) Mwanahistoria anaweza kusema bazaa lilihamishwa, na ni kweli, lilihamishwa mpaka mahali ambapo leo tunapaita Biashara Street. Lakini neno "lilihamishwa" ni neno jepesi sana. Bazaa halina miguu.

Tauni ilirudi tena na tena, na mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson kutoa ushauri. Ushauri wake, ukiupunguza maneno, ulikuwa huu: kinamasi kikaushwe na watu watenganishwe, Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Unaona mambo hayo mawili yalivyofungwa kitita kimoja? Usafi na ubaguzi. Wazungu wakabaki na vilima vya magharibi, kwenye hewa na miti. Maji huteremka, na sisi wengine tukapewa huko yanakoteremkia.

Sasa Grogan. Ewart Grogan ni yule Mwingereza aliyejipatia sifa kwa safari ya kutoka Cape mpaka Cairo, na alipofika Kenya alijitwalia mali nyingi, kikiwamo kipande kikubwa cha kinamasi hapa kando ya mto. Mwaka 1907 aliwachapa viboko vijana wa Kikuyu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, umati wa masetla ukitazama. Mtu kama huyo akapewa barabara. Baada ya uhuru jina likafutwa ikawa Kirinyaga Road. Nenda leo ukamwulize fundi yeyote: "Spea za Probox ziko wapi?" Atakwambia, "Shuka Grogan." Kibao kilibadilishwa, ulimi ukakataa. Vijana wanaolitaja jina hilo mara mia kwa siku hawajui ni la mtu, sembuse mtu gani.

Majengo kama letu yalikuja baadaye, katika miaka ya ishirini na thelathini. Wajenzi walikuwa Wahindi, na mpango ulikuwa mmoja: duka chini, familia juu, ua katikati wa kupikia na kuanika nguo. Ua wetu bado upo. Jiwe la kufulia bado lipo, limelika katikati kwa miaka karibu 90 ya mikono, na mama hulitumia kila Jumamosi.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo lilipoanza jambo ambalo mimi kama mwandishi chipukizi linanifunga hapa: matbaa. Makhan Singh aliwasili Nairobi mwaka 1927, kijana wa miaka 13, akafanya kazi katika matbaa ya baba yake kabla ya kuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru wa Afrika Mashariki waziwazi. Mwezi uliofuata akakamatwa, na hakuachiliwa mpaka 1961. Kulikuwa na Girdhari Lal Vidyarthi na gazeti lake la Colonial Times, aliyefungwa kwa maandishi ya uchochezi. Kulikuwa na Henry Muoria aliyeanzisha Mumenyereri mwaka 1945 kwa Kikikuyu, akichapishiwa na Wahindi wenye mashine. Serikali ililipiga gazeti hilo marufuku mwaka 1952, yeye akiwa London, na huko ndiko alikomalizia maisha. Wengine walipigana msituni. Hawa walipigana kwa wino, na mashine zao zilikuwa za watu wa madukani, si za mabwana wakubwa.

Chini ya chumba chetu kuna matbaa mpaka leo. Mwenyewe ni mzee mmoja tunayemwita Guka, hata sisi tusio Wakikuyu. Huchapisha kadi za harusi, risiti, na vipeperushi vya mazishi. Alikuja River Road mwaka 1974 kama kijana wa kutumwa chai. Yeye ndiye aliyenisimulia jinsi mtaa ulivyobadilisha wenyewe: mwaka 1967 ilitoka sheria ya leseni za biashara, Wahindi wasio raia wakazuiwa kufanya biashara sehemu fulani, na wengi wakafunga maduka wakaondoka, hasa kwenda Uingereza, wakikimbizana na sheria ya Waingereza wenyewe ya 1968 iliyokuwa ikiwafungia mlango. Waafrika wakaingia. Mabasi ya mikoani yakaingia, maduka ya santuri yakaingia, malaya na lojing'i zikaingia. "Na vitabu," Guka akasema. "Vitabu, kijana! Watu walikuwa wakivinunua kama maandazi."

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman. Mwaka 1973 David Maillu akatoa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption kupitia kampuni yake mwenyewe, Comb Books, kwa sababu hakuwa na haja ya kumsubiri mtu amwambie kwamba yeye ni mwandishi. Vilikuwa vitabu vidogo, bei nafuu, vya pombe na mapenzi na mishahara isiyofika mwisho wa mwezi. Makarani walivisoma kwenye basi. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Wasomi wetu walikunja pua, wakaviita fasihi ya River Road, na hawakukusudia sifa. Mwaka huo huo wa 1976 Meja Mwangi akatoa Going Down River Road, juu ya vibarua wa mjengo wanaopandisha ghorofa ambazo hawatakaa, na hata wasomi wakanyamaza kidogo.

Vyote hivyo viliandikwa kwa Kiingereza. Sivilaumu, nimevisoma mpaka majalada yakatoka. Lakini kwenye ngazi za nyumba yetu watu wanagombana kwa Kiswahili, wanasalimiana kwa Kiswahili, wanadaiana kodi kwa Kiswahili. Riwaya yangu inataka kuandikwa kwa lugha hiyo ya ngazini. Nimefika sura ya tisa.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka maana haina raha. Agosti mosi 1982, jaribio la mapinduzi, maduka yakavunjwa na kuporwa. Kisha ofisi zenye pesa zikapanda Upper Hill na Westlands, na River Road ikabaki na sifa ya vyeti bandia. Hata leo ukisema umehitimu chuo kikuu, mtu atakuuliza, "Kile cha River Road?" Na mto nao ukawa mtaro. Sehemu ya karibu na mzunguko wa Globe ilikuwa mahali ambapo mtu mwenye akili hapiti giza likiingia.

Mabadiliko yalianza na John Michuki. Ndiyo, yule yule aliyewafunga matatu mikanda mwaka 2004. Mwaka 2008 alipewa wizara ya mazingira, akaingia mtoni kwa ukali ule ule: gereji zilizokuwa ukingoni zikaondolewa, takataka zikazolewa, miti ikapandwa. Alifariki Februari 2012, na bustani ikaanza kurudi kuwa kichaka. Mwaka 2020 ikasafishwa upya, na leo ina jina lake. Mwaka 2019 Luthuli Avenue nayo ikapunguzwa magari, njia ya miguu ikapanuliwa, ikapandwa miti na kuwekwa viti. Viti, msomaji! Katika mtaa ambao kukaa tu ilikuwa sawa na kujitangaza kuwa mzururaji.

Sitaki unidhanie kuwa mimi ni mtu wa kulalamika. Bustani ile ya Michuki naipenda. Sura ya tatu mpaka ya sita ya riwaya yangu niliziandikia pale, kwenye nyasi, wanafunzi wakisoma upande huu na wapenzi wakinong'ona upande ule. Kuna ndege. Jioni moja nilimpeleka mama, akavua viatu. Miaka yote aliyokaa mjini alikuwa hajawahi kukanyaga nyasi za Nairobi bila kufukuzwa na askari wa kanjo.

Halafu ikaja mvua ya Aprili 2024. Uliiona kwenye habari: mito ya Nairobi ilipanda, Mathare ikazama, watu wakafa nchini kwa mamia. Mwanzoni mwa Mei serikali ikaamuru watu wahame kando ya mito, na tangu hapo kila mtu akajua namba moja: mita 30. Mabuldoza yakafuata namba hiyo. Kuanzia mwishoni mwa 2024 vijana wakaanza kuajiriwa kusafisha mito, na Machi 2025 mradi mkubwa wa kuufufua Mto Nairobi ukazinduliwa rasmi.

Mmoja wa vijana hao ni mimi. Ndiyo. Mwandishi mzima, nina gambuti na sepetu. Riwaya haijawahi kulipa kodi ya mtu kabla haijamalizika. Nimetoa mtoni magurudumu, viti vya matatu, magodoro, cherehani isiyo na gurudumu, na mifuko ya plastiki ambayo haina hesabu. Kazi ni ngumu lakini ina utamu wake: unachimba asubuhi, jioni unaona maji yametembea mahali ambapo jana yalilala.

Na kibanda cha mama kiko pale pale ukingoni, nyuma ya Kirinyaga Road. Chai, chapati, madondo. Wateja wake ni mafundi, na siku hizi ni sisi wa sepetu. Juma lililopita alifika alfajiri akakuta mlango umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Hakuna aliyemwona mpigaji. Wenzangu kazini walikunywa chai siku hiyo bila kunitazama usoni.

Nilimweleza Guka. Nilitarajia aseme pole. Badala yake akaweka miwani chini, akauliza, "Wanapima kutoka wapi?"

"Kutoka mtoni, Guka."

"Mtoni wapi?"

Nilirudi maktaba. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zilitaja ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30, unaopimwa kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko iliyowahi kuandikwa. Alama ya juu kabisa! Sasa rudi nami kwenye kinamasi cha 1899. Ukipima kutoka ukingo wa leo, kibanda cha mama kimo ndani ya mpaka na maduka ya spea yamesalimika. Ukipima kutoka matete ya zamani, yale ambayo Simpson alitaka yakaushwe na Grogan akawa na kipande chake, basi Kirinyaga Road nzima imo mtoni, na huenda ngazi za nyumba yetu pia. Mto ulisogezwa kwa mitaro na kifusi na hati za kumiliki ardhi, na watu waliojenga juu ya tope lililokaushwa leo wanaitwa wenye ploti. Waliochelewa, wakakuta tope limebaki ukingoni tu, wanaitwa wavamizi.

Kusema haki, si vibanda pekee vilivyowahi kuangushwa. Agosti 2018 hata jumba la maduka la Ukay kule Westlands lilibomolewa kwa kosa hilo hilo la kukalia mto, na ilikuwa mali ya mamilioni. Na maji ya 2024 hayakuuliza nani ana hati. Mimi niliyaona. Nisingependa mama awe ndani ya kibanda kile usiku ambao mto utapanda tena. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba X ile ni ya uonevu mtupu, wala siwezi kukuambia ni ya haki. Ninachoweza kusema ni kwamba nilipoiona nilikumbuka 1902, ile sentensi moja.

Jengo letu nalo halina muda. Limeuzwa. Mtaa ukianza kusafishwa bei hupanda, na mwenye nyumba mpya anataka kupandisha ghorofa za vibanda vya nguo na simu, kama yale mengine yaliyoinuka kote River Road, duka moja likikatwa vipande vya futi sita kwa sita. Wapangaji tumepewa miezi mitatu. Guka amekwisha kuulizia bei ya lori la kubebea mashine. Hajui aipeleke wapi. Mimi nimepiga picha ile 1933 kwa simu, na nimelipima jiwe la kufulia kuona kama watu wanne wanaweza kulibeba. Hawawezi.

Jana, kabla ya jua, tulishuka mimi na mama na kamba ya katani niliyoifunga fundo kila mita. Mimi nilisimama ukingoni, gambuti ndani ya maji, nikashika mwanzo wa kamba. Yeye akarudi nyuma na kamba akihesabu mafundo kwa sauti, polepole, kama anayehesabu chenji ya mtu asiyemwamini. Alipofika kwenye mlango wa kibanda alikuwa amefika 24.

"Zimebaki sita," akasema.

Akageuka kutazama nyuma yake. Hatua mbili nyuma ya kibanda kuna ukuta wa mawe wa duka la spea, umesimama pale tangu kabla hajazaliwa. Akaupapasa kwa kiganja, akapima kwa macho upande huu na upande ule.

"Baba, shika vizuri hapo," akaniambia. "Tupime tena."

Tukapima tena. 24. Nikakunja kamba, yeye akawasha jiko. Saa moja kasorobo wenzangu walikuwa wamekwisha kushuka na sepetu zao, nami nikanywa chai yangu nimesimama, nikaingia kazini.